Jirani, Hiyo Bahasha Siyo Yako: Kwa Nini Nimeacha Kumwambia Boda "Muachie Mama wa Chumba cha Pili"

Leo mnisamehe, sina skendo ya staa wala nani kaachana na nani. Leo tunamuongelea mtu anayejua mambo yako kuliko blogu yoyote hapa mjini, na wala halipwi hata mia. Namuongelea jirani yako, hasa yule anayekupokelea mizigo ukiwa kazini.

Nianze na kisa ambacho kimenikaa kooni muda mrefu. Mhusika ni rafiki yangu wa karibu, jina kapuni, na amenipa ruhusa niandike ilimradi nisimtaje.

Huyu dada alikuwa amepanga maeneo ya Sinza, zile nyumba zetu za vyumba sita, korido moja katikati, bomba la uani, luku mnachangia na kila mwezi lazima ugomvi utokee. Alikuwa anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi mwendokasi pale Shekilango, anarudi saa mbili usiku akiwa hoi. Sasa siku moja alikuwa na majibu ya vipimo hospitali. Kazini wamemnyima ruhusa, kwa hiyo dada yake wa tumbo moja akaenda kuyachukua, akayaweka kwenye bahasha ya kaki, akabana pini ya stepla, akampa boda apeleke Sinza. Boda kafika saa sita mchana. Anapiga simu, mwenzenu yuko kikaoni. Akapokea kwa kunong'ona, akasema lile neno ambalo wote tunalisema: "Muachie mama wa chumba cha pili."

Jioni anarudi, mkoba bado uko begani, hata funguo hajatoa. Mama wa chumba cha pili kamsubiri kwenye korido. Anamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, sura ya msibani kabisa, anamwambia: "Pole mwanangu. Mungu ni mwema, wapo waliozaa na hali hiyo hiyo."

Soma tena hiyo. Dada wa watu alikuwa bado hajafungua bahasha. Habari ya mwili wake mwenyewe, kwamba ana uvimbe kwenye kizazi, aliipata kwa salamu ya pole kutoka kwa jirani, koridoni, mbele ya watoto wawili waliokuwa wanaosha vyombo. Alipoingia chumbani akaiangalia ile bahasha vizuri. Pini ilikuwa moja, matundu manne.

Yaliyofuata mnayajua, maana nyumba za kupanga tunazijua wote. Ndani ya siku tatu uvimbe ukawa "hana kizazi". Wiki ya pili ukawa "aliharibu mwenyewe enzi za chuo". Wiki ya tatu, wifi mtarajiwa anauliza maswali ya kuzunguka. Mchumba hakumuacha, nisiwadanganye ili kisa kinoge, jamaa alisimama kiume. Ila yeye mwenyewe alishindwa kukaa pale. Kila akienda bombani anahisi watu wamenyamaza. Akahama akiwa amelipa kodi ya miezi sita na minne bado haijaisha, na mwenye nyumba, kama wenye nyumba walivyo, hakurudisha kitu. Miezi minne ya kodi imekwenda kwa sababu ya pini moja ya stepla.

Sasa kuna watu wakisikia kisa kama hiki wanacheka, "aah, umbea tu huo, waswahili ndo walivyo." Mimi nakataa, na ndo maana nimekaa chini kuandika. Umbea ni kuona kwa macho yako halafu ukasema. Umenikuta nashushwa na gari jeusi saa saba usiku, ukaenda kusimulia, sawa, huo umbea, na mimi ningeshushwa mbali kidogo kama sikutaka uone. Lakini kufungua bahasha yenye jina langu ni kitu kingine. Hukuona kwa bahati mbaya. Umekaa kitandani kwako, umechomoa pini kwa kucha taratibu isichane karatasi, umesoma, umekunja kwa mikunjo ile ile, umetafuta stepla ya mtoto wa shule, umebana tena. Kazi yote hiyo ya kuficha inaonyesha ulijua kabisa unachofanya.

Na wala msinitajie barua zimekufa. Kweli, nani anaandika barua siku hizi? Hata salamu za sikukuu tunatumiana stika. Lakini angalia vinavyofika mlangoni kwako kwa mwezi. Bahasha za hospitali, kadi ya benki, barua ya kuitwa kwenye usaili, wito wa mahakama wa ile kesi ya mirathi, barua ya mwajiri. Halafu vifurushi sasa: wigi, dawa, vipodozi, vitu vya mtoto ambaye hujamtangaza bado, vitu vya chumbani ambavyo mimi na wewe hatutavitaja hapa. Kifurushi ndo barua ya kizazi chetu. Ukijua mtu ameagiza nini, umejua anapanga nini.

Tatizo letu lina mizizi, tusimbebeshe mama wa chumba cha pili peke yake. Nchi hii posta haijawahi kuzoea kuja mlangoni. Barua inakwenda kwenye sanduku, na sanduku wengi wetu hatukuwahi kuwa nalo. Anwani niliyokua naijua mimi ilikuwa S.L.P. ya shule aliyokuwa anafundisha mjomba. Wengine walitumia ya parokia, wengine ya msikiti, wengine ya ofisi ya baba mdogo. Barua yako inafika kwa mwalimu mkuu, anampa mjomba, mjomba anampa shangazi, shangazi anaiweka juu ya kabati, mpaka ikufikie wewe imeshapita mikono mitano na kila mkono umeipima uzito. Kabla ya hapo kulikuwa na barua za "kwa mkono wa Bwana fulani", unampa mtu anayesafiri basi la Tanga na unamuomba Mungu asiwe mdadisi.

Na waliosoma bweni wananielewa zaidi. Barua zilikuwa zinafunguliwa na mwalimu kwanza. Ukiitwa ofisini kuchukua barua unaikuta imeshachanwa, na mwalimu anakuangalia kwa jicho la "nimeona". Tulilelewa hivyo. Tukakua tunajua kwamba barua ya mtu ni mali ya yeyote mwenye mamlaka au mwenye nafasi. Halafu tunashangaa tumehamia mjini, tumepanga, tunalipa kodi wenyewe, na bado hatujui kusema "hii ni yangu, usifungue".

Serikali ilipokuja na anwani za makazi mwaka 2022, karibu na sensa, tukabandikiwa namba milangoni na mabango ya majina ya mitaa. Nilifurahi, kwamba sasa nina namba ya nyumba kama watu wa kwenye filamu. Ila angalia mlango wako. Namba ipo, kitundu cha kutumbukizia barua hakipo. Mtu akifika na mzigo wako na haupo, njia ni mbili tu: aondoke nao au ampe jirani. Na namba ya nyumba ni moja, vyumba ni sita.

Haya, tuje kwa wauzaji wetu wa mtandaoni, maana hawa nao wana kesi ya kujibu. Mimi ni mteja wao sugu, nawapenda, ila jamani. Unaagiza wigi kwa siri zako, unataka watu wajue nywele zimeota zenyewe. Mzigo unafika umeandikwa kwa maka pen nyekundu, herufi kubwa: jina lako kamili, namba ya simu yote, "WIGI INCHI 18, ANADAIWA 45,000". Hapo jirani ana haja gani ya kufungua? Umeshafunguliwa na muuzaji. Kuna mshkaji wangu aliagiza dawa ya kuotesha ndevu, jina la dawa likaandikwa nje ya boksi, na boda akamkabidhi fundi seremala wa jirani. Mpaka leo kijiwe kizima wanamuita Ndevu, na ndevu zenyewe hazijaota.

Kwa hiyo la kwanza ninalofanya siku hizi, kabla hata sijalipia, namwambia muuzaji: nje andika jina moja na tarakimu tatu za mwisho za namba yangu, basi. Mzigo ni nini, bei gani, nadaiwa ngapi, hayo tumalizane kwenye meseji. Boda yeye anahitaji kujua pa kufika na wa kumpigia, hahitaji kujua inchi. Wengi wanakubali vizuri tu. Wachache wanajifanya wakali, "dada hatuna muda huo." Hao nahama, kwa sababu wauzaji wa wigi hapa mjini ni wengi kuliko vituo vya daladala.

La pili, selotepu. Hii nilifundishwa na dada mmoja anayetuma mizigo mikoani, na naona inafanya kazi kuliko ugomvi wowote. Ukishafunga boksi au bahasha, pitisha selotepu kwenye mdomo wote, halafu chukua kalamu ya wino usiofutika, saini juu yake, nusu ya saini iwe kwenye selotepu na nusu iwe kwenye karatasi. Piga picha, mtumie mpokeaji. Haizuii mtu kufungua, hata bati halizuii. Ila akifungua, saini haitakutana tena vizuri, na akiiona tu ile saini anajua kwamba wewe utajua. Watu wengi wanaofungua vitu vya wenzao hawafungui kwa ujasiri, wanafungua kwa sababu wanaamini hawatajulikana. Dada yake rafiki yangu angetumia selotepu ya shilingi chache badala ya pini, huenda leo tungekuwa tunaongelea mambo ya mastaa.

Mizigo ya mikoani nayo ina mtego wake. Inakuja na mabasi, unaifuata Mbezi kwenye stendi ya Magufuli au kwenye ofisi za mabasi pale Shekilango. Ukituma mtu akuchukulie, unamtumia picha ya risiti, na hiyo picha anaweza kuituma kwa mwingine, na huyo kwa mwingine tena. Nimeshuhudia mzigo umechukuliwa na mtu ambaye mwenye mzigo hamfahamu kabisa, wakala hana kosa, kaonyeshwa risiti na kaambiwa jina sahihi. Mimi sasa ofisini nawaambia kwa simu jina la anayekuja, na hata huyo risiti namtumia akiwa ameshafika dirishani. Ni usumbufu, lakini ni wa dakika mbili.

Na zile karatasi nzito kweli, za hospitali, za benki, za mahakama, za kazi, hizo mimi sipeleki nyumbani kabisa. Ziende kazini kwako kama una mtu wa mapokezi mwenye akili, au kafuate mwenyewe hata kama ni kwa kuchelewa siku mbili. Au chukua sanduku lako la posta. Najua mnacheka, sanduku la posta ni kitu cha wazee. Lakini funguo ni yako, na mwenye kulifungua ni wewe. Wenzetu Kenya wana huduma inaitwa MPost, namba yako ya simu ndo inageuka anwani ya posta, barua ikifika unapata meseji ukaichukue. Hilo ni jambo la kuulizia dirishani hata hapa kwetu, maana posta nazo zimechangamka na mambo ya simu siku hizi. Ila msichukue sanduku la kushea na watu wanne, funguo moja imening'inia kwenye msumari sebuleni kwa shangazi. Hapo mmerudi kule kule kwa mwalimu mkuu.

Sasa hapa kuna mtu anasema: kwa nini usimwambie tu huyo jirani ukweli? Swali zuri, na hapa ndo pagumu.

Kwa sababu jirani huyo huyo ndo anayeanua nguo zako mvua ikinyesha. Ndo aliyekuuguza ulipoumwa malaria, akakupikia uji saa tisa usiku. Ndo anayejua kwenu wapi ukifa. Mimi nilipoibiwa simu, aliyenikopesha nauli ya wiki nzima ni jirani niliyekuwa namsema vibaya kila siku kwenye simu hiyo hiyo iliyoibiwa. Ushauri wa mitandaoni wa "kata watu, linda amani yako" umeandikwa na watu wenye geti, mlinzi na kamera. Sisi wa korido moja hatuwezi kukata mtu tunayekutana naye chooni.

Na tuwe wakweli zaidi. Mimi mwenyewe nimeshafungua. Chuo mwaka wa pili, nilikuwa nakaa na mwenzangu chumba kimoja, ikaja bahasha yake, mdomo wa gundi umeachia kidogo. Nikajiambia naangalia tu kama ni ya haraka nimpigie simu. Ilikuwa barua ya baba yake, ameandika kwa mkono, anamueleza kwamba ada ya muhula huo haitapatikana kwa sababu ameuza ng'ombe wa mwisho kumtibu mama. Nikaifunga. Miezi mitatu nilikuwa naishi na hiyo barua kichwani. Yeye anasema "sina njaa leo", mimi najua kwa nini, na siwezi kumpa hata chapati bila aanze kujiuliza nimejuaje. Nikawa namkwepa, akadhani nina maringo. Urafiki ulikufa hivyo, na mpaka leo hajui sababu. Kwa hiyo ninapomsema mama wa chumba cha pili simsemi nikiwa mbinguni. Naujua ule mwasho wa vidole. Najua pia ule uongo mtamu wa "nilitaka kusaidia". Huenda hata yeye pole yake ilikuwa ya kweli kabisa, na ndo inayouma zaidi, kwamba mtu anaweza kukuhurumia kwa dhati na bado akawa amekuvua nguo mbele za watu.

Basi, kuongea naye kuna namna yake. Usiende na hasira, na usiende na ushahidi wa matundu ya pini kama wakili, ataruka maili mia na utaishia kuitwa mwehu. Mimi nilimfuata wa kwangu asubuhi, anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujaenda kazini?"

"Leo naingia mchana. Mama, nina ombi. Kuna mizigo yangu huwa unanipokelea, nashukuru sana, ila siku hizi kuna vitu vya ofisini vinapitia kwangu, na ofisi wanataka nisaini mwenyewe vikiwa vimefungwa. Kikija, naomba tu unipigie, usikipokee."

Akaniangalia. Wanawake wa umri huo si wajinga, anajua kabisa ofisi haihusiki. Akasema, "Sawa mwanangu, si unaona nilikuwa nakusaidia." Nikamwambia najua mama, na Jumapili nikapeleka nusu tikiti maji. Hakuna aliyemuita mwenzake mbea. Mnaweza kusema nilidanganya, ni kweli, nilidanganya kuhusu ofisi, na ningedanganya tena. Ukweli wote si lazima usemwe kwenye uwanja ambao mtaanika nguo kamba moja miaka miwili ijayo.

Halafu mchague mtu mmoja. Usiwaachie boda wachague, maana wao wanampa aliyekaa nje, na anayekaa nje siku nzima mara nyingi ndiye mwenye muda wa kusoma. Mimi wangu ni Mangi wa duka la kona. Kwanza yuko bize, pili duka lina kaunta na nondo, tatu yeye mwenyewe ana daftari la madeni la mtaa mzima na hajawahi kumtaja mtu. Mtu anayejua nani anakopa unga na nani anakopa bia na akanyamaza, huyo ndo wa kumuachia bahasha. Namuachia soda ya mara moja moja, tunakwenda.

Sheria? Ipo, na ni nzito kuliko tunavyodhani. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, na mawasiliano yake binafsi yametajwa humo humo pamoja na familia na maskani. Azimio la dunia la haki za binadamu la mwaka 1948 nalo liliweka barua za mtu kwenye orodha hiyo hiyo, ibara ya 12, enzi ambazo hata simu ya mezani ilikuwa anasa. Kanuni ya Adhabu inautaja wizi wa vitu vya posta kama kosa linalojitegemea. Na ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ingawa wengi wanadhani ni ya makampuni makubwa tu, mantiki yake inatugusa: anayekusanya taarifa zako kwa shughuli zake anatakiwa kuzitunza. Wauzaji wa maka pen nyekundu, mmesikia. Na kama ni majibu ya VVU, kuna sheria ya tangu mwaka 2008 inayolinda siri hiyo, na kuitangaza hali ya mtu si mzaha wa bombani.

Lakini nitawaambia nilichomwambia rafiki yangu alipouliza kama aende polisi. Nilimwambia kwanza aende kwa mjumbe, na akamwambie mjumbe kisa bila kumuonyesha ile karatasi. Maana hapo kuna mtego: ukilalamika kwamba siri yako imefunguliwa, kila unayemlalamikia anataka kujua siri yenyewe. Mjumbe atauliza, "kwani ilikuwa inasemaje?" Haimuhusu. Kesi ni bahasha kufunguliwa, hata kama ndani ilikuwa karatasi tupu. Yeye hakwenda popote mwishowe, alichoka, akahama, nami simlaumu. Ila angeenda, ningemsindikiza.

Kuna wale wa "kama huna la kuficha unaogopa nini". Hawa huwa nawaomba simu zao, nafungua meseji, nasoma kwa sauti. Hajawahi kumaliza hata mmoja sekunde kumi. Kufunga mlango ukioga haimaanishi umeficha bunduki bafuni.

Na kuna jambo moja la sisi wenyewe vijana ambalo halisemwi. Tunalalamika jirani anafungua, halafu sisi mzigo wa mwenzetu ukitufikia kimakosa tunapiga picha, tunaweka stetasi, "jamani nani huyu kaagiza hivi, kichekooo". Juzi tu kwenye grupu la nyumba yetu ya zamani, msichana wa miaka ishirini na tatu kapost picha ya kifurushi cha mpangaji mwenzake, jina na namba vinaonekana, na ndani kulikuwa na pampasi za watu wazima. Watu wakacheka kwa emoji kama arobaini. Zilikuwa za baba yake mpangaji, mzee amepooza, ameletwa kutoka kijijini kutibiwa. Mama wa chumba cha pili angalau alisema koridoni, wasikilizaji watoto wawili. Huyu binti yetu wa kisasa aliwafikia watu mia mbili kabla chai haijapoa, na alipoambiwa afute akajibu "sorry jamani utani".

Rafiki yangu sasa anakaa Tabata, nyumba ya vyumba vitatu. Uvimbe ulitolewa, anaendelea vizuri, mengine ni yake. Mwezi uliopita nilimtumia zawadi kwa boda, boksi dogo, nimezungushia selotepu na kusaini pande zote nne kama nyaraka za Ikulu. Hakuwepo. Boda akamuachia bibi wa chumba cha mbele, mama mtu mzima wa Kipemba. Jioni akanipigia simu anacheka mpaka anakohoa. Bibi alimkabidhi boksi, saini zote ziko salama, akamwambia:

"Mwanangu, wallahi sijafungua. Nimelitikisa tu. Ni vikombe, na kimoja kimevunjika."

Ni kweli, kimoja kilikuwa kimevunjika.